Nataka kuitoa programu yangu iwe huru: niweke leseni gani?

SWALI: Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika programu ya kupanga ratiba za vipindi vya masomo. Niliianza nikiwa nimeajiriwa kwenye kampuni ya kompyuta, nikaendelea nayo baada ya kuacha kazi. Rafiki yangu mmoja aliandika sehemu ya kuchapa ripoti, na vipande vingine nilivitoa kwenye intaneti. Sasa walimu wengi wanaiomba, nami ningependa iwe huru kwa kila mtu. Hofu yangu ni kwamba atatokea mjanja aichukue, aibadilishe jina na kuiuza. Nimefikiria kuiweka mtandaoni na maneno haya tu: "Ruhusa kwa wote isipokuwa wafanyabiashara." Je, yanatosha? Nikishaitoa bado itakuwa yangu? Na nikijuta baadaye, naweza kuirudisha?

JIBU: Nianze na linalokunyima usingizi. Ndiyo, itabaki yako. Wengi hudhani kutoa programu chini ya leseni huru ni kuitupa njiani aiokote atakaye. Sivyo. Leseni ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na mwenye mali. Mwenye shamba akisema "piteni hapa, ila msikate miti", shamba halijawa la wapita njia. Maneno yake yana nguvu kwa sababu shamba ni lake. Leseni zote nitakazozitaja, hata iliyo kali kuliko zote, zimesimama juu ya hakimiliki yako. Ukiiondoa hakimiliki, hazina pa kushika.

Na hakimiliki hiyo huna haja ya kwenda kuiomba popote. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi tangu inapotungwa, bila sharti la usajili, na msimbo wa kompyuta hulindwa kama maandishi mengine. Kwa hiyo mstari wa kwanza ulioandika miaka mitatu iliyopita ulikuwa na mwenyewe palepale ulipouhifadhi kwenye diski.

Jambo hilo lina upande wa pili, na hapo ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoteleza. Kuiweka programu hadharani si kuitoa. Msimbo ulioanikwa mtandaoni bila leseni umefungwa kisheria: mtu ataufungua na kuusoma, lakini hana ruhusa ya kuunakili kwenye kazi yake, kuubadilisha wala kuusambaza. Mwalimu mwenye hofu ya sheria hatauchukua, na asiye na hofu atauchukua kwa vyovyote. Umewanyima walio waaminifu peke yao.

Sasa tuyatazame maneno yako, "ruhusa kwa wote isipokuwa wafanyabiashara". Ruhusa ya kufanya nini? Kuitumia? Kuibadilisha? Kuwapa wengine nakala waliyoibadilisha? Hujasema, na ambacho mwenye hakimiliki hakukisema hakihesabiwi kuwa kimeruhusiwa. Halafu, mfanyabiashara ni nani? Shule inayotoza ada ni biashara? Mwalimu wa masomo ya ziada anayelipwa kwa saa je? Fundi anayelipwa nauli na ujira ili akaisimike programu yako shuleni? Ukiulizwa maswali haya na watu kumi utatoa majibu kumi, na siku ya ugomvi hakimu atatoa la kumi na moja.

Zaidi ya hapo, sharti hilo linaitoa programu yako nje kabisa ya kundi la programu huria. Katika hili Kiswahili kimetupa bahati ambayo Waingereza hawana. Wao wana neno moja tu kwa "huru" na "bure", na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi ulio huru, Septemba 1983 na kuanzisha Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huria, mwaka 1985, amekuwa akilazimika kueleza tofauti hiyo tangu wakati huo. Sisi tuna maneno mawili, na bado tunayachanganya! Soko huria halimaanishi soko la vitu vya bure, na programu huria vilevile. Kinachotazamwa ni uhuru wa aina nne, ambao watu wa kompyuta, kwa mazoea yao, huanza kuuhesabu kwenye sifuri: uhuru namba 0 ni kuiendesha programu kwa shughuli yoyote ile, namba 1 ni kuchunguza inavyofanya kazi na kuibadilisha, jambo linalotaka uwe na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, namba 2 ni kugawa nakala, namba 3 ni kugawa nakala ulizozibadilisha. Kuuza kumo ndani ya huo uhuru. Ukimfungia mlango mfanyabiashara umeuvunja ule namba 0 na ule namba 2 kwa pigo moja.

Usione aibu, wakubwa wamepitia njia hiyohiyo. Linus Torvalds alipoitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi, mara ya kwanza mwaka 1991 aliiwekea leseni ya kujitungia iliyokataza kuisambaza kwa malipo. Hata waliotaka kuinakili kwenye diski na kurudishiwa gharama ya diski zile walikwama. Mwaka 1992 akaihamishia kwenye GPL, leseni ya mradi wa GNU nitakayoieleza hapo chini, na hadi leo Linux inauzwa, inagawiwa, na imo ndani ya mamilioni ya vifaa. Kuna leseni nyingine mashuhuri, ile ya JSON, iliyochukua maneno ya leseni ya MIT, nayo nitaieleza chini, na kuongeza sentensi moja kwamba programu itumike kwa wema na si kwa uovu. Nani angelikataa hilo? Free Software Foundation wameikataa, na watu wa Debian, wanaokusanya na kusambaza mfumo wa Linux, hawaipokei, maana hakuna ajuaye wema huo utapimwa na nani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningeupiga mstari mara mbili kama ningeweza: usijitungie leseni. Chukua iliyokwisha kuandikwa na wanasheria, iliyokwisha kufika mahakamani, ambayo anayekuja akiona jina lake tu anajua yuko wapi.

Kabla ya kuchagua, lakini, nirudi kwenye mambo matatu uliyoyapitia harakaharaka katika swali lako. Mwajiri, rafiki, na intaneti. Mimi hayo ndiyo yaliyonishtua, kuliko huyo mjanja wako ambaye hata hajazaliwa.

Mwajiri kwanza. Katika nchi nyingi, kazi uliyoitunga katika kutekeleza ajira yako ni mali ya mwajiri, na mikataba mingi ya makampuni ya kompyuta inakwenda mbali zaidi: inadai hata ulichoandika usiku nyumbani, hasa kama kinafanana na shughuli za kampuni au umetumia vifaa vyake. Utoe mkataba wako wa zamani uusome, si kwa kumbukumbu, kwa macho. Yalinikuta mwenyewe. Niliwahi kuandika kijiprogramu cha kuoanisha orodha za majina, jioni baada ya kazi, kwenye kompyuta ya ofisi kwa sababu yangu ilikuwa imeharibika. Nikakitoa kwa leseni huru, kikapata watumiaji. Mwaka mmoja baada ya kuondoka pale nikaletewa barua yenye nembo ya mwanasheria. Kifungu kilikuwepo kwenye mkataba, na sahihi ilikuwa yangu. Nilikiondoa mtandaoni, lakini waliokuwa wamekitegemea hawakuwa na kosa lolote, na hao ndio walioumia. Leseni iliyotolewa na asiye mwenye mali ni karatasi tu. Kama kuna shaka, waandikie waajiri wako wa zamani barua fupi, eleza programu ni nini, omba wathibitishe kwa maandishi kwamba hawaidai. Wengi hukubali, kwa kuwa ratiba za vipindi haziwahusu. Wakikataa, heri ujue sasa.

Rafiki yako naye ni mmiliki. Kwamba alikusaidia kwa hisani, bila malipo, hakubadilishi chochote. Alichokiandika ni chake mpaka akupe ruhusa. Marafiki hawapendi kuulizana mambo haya, lakini tazama yaliyowapata waandishi wa VLC, ile programu ya kuchezea video. Walipotaka kuhamisha kiini chake kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake mwenye masharti mepesi, kazi waliyoifanya mwaka 2011 na 2012, iliwalazimu kuwatafuta mamia ya watu waliowahi kuandika kitu ndani yake, mmoja mmoja, kuwaomba idhini. Wewe una mmoja, na namba yake ya simu unayo.

Kuhusu vipande vya intaneti, sikufichi, hapa patakula muda wako. Pitia faili moja baada ya jingine ujue kila kipande kimetoka wapi. Ulichonakili kutoka kwenye majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, kina leseni tayari, ya familia ya Creative Commons iitwayo CC BY-SA, inayokutaka umtaje mwandishi na kutoa kazi yako kwa masharti yaleyale. Ulichonakili kutoka ghala la msimbo la mtu mtandaoni ambalo halina leseni huna ruhusa nacho: mwandikie umwombe, au kifute uandike chako. Kifupi cha mistari miwili mitatu ambayo kila mtu angeiandika hivyohivyo hakina shida, lakini usijidanganye kuhusu kile cha mistari mia mbili. Halafu orodhesha maktaba zote, yaani vifurushi vya msimbo wa wengine, ambazo programu yako inazitegemea, pamoja na leseni ya kila moja. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni leseni zipi umebaki huru kuzichagua. Ukiwa umetumia hata maktaba moja ya GPL ndani ya programu yako, swali lako limeshajibiwa nusu.

Sasa leseni. Ziko nyingi mno, kuliko zinavyohitajika, lakini ukizichambua utakuta karibu zote zinajibu swali moja: mtu akiiboresha kazi yako na kuwapa wengine, unataka awe na deni gani kwao?

Jibu la kwanza ni "hana deni, anitaje tu". Hizo ni leseni legevu: MIT, BSD, Apache. Ya MIT ni fupi mno, inaenea kwenye ukurasa mmoja na nafasi inabaki. Inamtaka mtu abakize tangazo lako la hakimiliki na maneno ya leseni, basi. Anaweza kuichukua programu yako, akaifunga, akaiuza bila kumwonyesha mtu msimbo. Za BSD ni ndugu zake. Zina historia ya kuchekesha kidogo: ile ya zamani ilidai kila tangazo la bidhaa litaje Chuo Kikuu cha California, na kila aliyeiga akaweka jina lake mwenyewe, hadi Stallman alipohesabu sentensi 75 za aina hiyo kwenye toleo la NetBSD la mwaka 1997. Chuo chenyewe kikaliondoa sharti hilo mwaka 1999. Apache 2.0, ya mwaka 2004, ni ndefu zaidi lakini ina jambo ambalo MIT haina: kila anayechangia anatoa pia ruhusa ya hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi, zinazohusu mchango wake, na anayefungua kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo anapoteza ruhusa aliyopewa. Kama ningetaka leseni legevu kwa kazi kubwa ningeichukua hiyo.

Jibu la pili ni "awape wengine uhuru uleule alioupata kwangu". Hiyo ndiyo kopilefti, na leseni yake kuu ni GPL ya mradi wa GNU: toleo la kwanza 1989, la pili 1991, la tatu 2007. Naomba uisome hofu yako tena ukiwa na leseni hii mkononi. Mjanja anaichukua programu yako, anaibadilisha, anaiuza. Vizuri, auze. Lakini kila anayenunua ana haki ya kupata msimbo chanzo, wako pamoja na nyongeza za mjanja, chini ya GPL ileile, na ana haki ya kuunakili na kuugawa hata bure. Matangazo ya hakimiliki yako hawezi kuyafuta, na toleo la tatu linamtaka aeleze waziwazi kwamba ameibadilisha, na tarehe. Mteja wa kwanza anaweza kuwa wa mwisho, kwa sababu wa pili ataipata kwa wa kwanza. Atakayedumu kwenye biashara hiyo ni yule anayeuza huduma ya kweli: kusimika, kufundisha, kurekebisha. Huyo sidhani kama unamchukia.

Kuna dhana mbili potofu kuhusu GPL ninazokutana nazo kila mara. Ya kwanza, kwamba kila anayeibadilisha programu lazima aitangaze. Hapana. Deni linaanza anapompa mtu mwingine nakala. Shule ikiibadilisha kwa matumizi yake ya ndani haidaiwi kitu na mtu yeyote. Ya pili, kwamba maboresho lazima yarudi kwako. Nayo hapana: deni ni kwa waliopokea programu, si kwa mwandishi wa kwanza. Kwa kawaida maboresho hukufikia, kwa kuwa aliyepokea yuko huru kukupa, lakini huna haki ya kuyadai.

Mfano wa namna inavyofanya kazi ni ruta ya WRT54G ya Linksys. Mwaka 2003 wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux na programu nyingine za GPL, na msimbo haukuwa umetolewa. Baada ya shinikizo ukatolewa, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao leo unaendesha ruta za kampuni chungu nzima. Kama programu zile zingekuwa na leseni legevu, hakuna aliyekuwa na haki ya kudai hata faili moja.

Lakini GPL ina tundu, na kwa programu ya aina yako tundu hilo lina maana. Nimesema deni linaanza anapotoa nakala. Mjanja asiyetoa nakala je? Anaiweka kwenye seva yake, anaiongezea mapambo, shule zinaingia kwa kivinjari na kulipa kwa mwezi. Hakuna nakala iliyotoka, kwa hiyo hakuna deni. Kwa ajili hiyo ipo AGPL, toleo lake la tatu likiwa la Novemba 2007: anayeibadilisha programu na kuwaruhusu watu kuitumia kupitia mtandao lazima awape watumiaji hao nafasi ya kuupata msimbo wa toleo lile lililobadilishwa. Kupanga ratiba ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye akili ya biashara ataifanya kwenye seva. Kwa hofu uliyoieleza, mimi ningechukua AGPL toleo la 3. Gharama yake uijue: kampuni kadhaa kubwa zinaiogopa, na Google wameandika wazi katika sera zao kwamba msimbo wa AGPL hautumiki ndani kwao. Walimu wanaoisubiri programu yako hawatalihisi hilo. Ungekuwa umeandika maktaba ya kutumiwa na waandishi wengine, ningekupeleka kwenye LGPL au Apache. Hukuandika maktaba.

Utaulizwa pia kama unataka "toleo la 3 pekee" au "toleo la 3 au lolote litakalofuata". Kuongeza maneno hayo ya mwisho ni kuiamini Free Software Foundation kwamba matoleo yajayo hayatakugeuka. Linux imekaa kwenye toleo la 2 pekee, na matokeo yake ni kwamba msimbo wa Apache 2.0 hauwezi kuunganishwa nao, ilhali na toleo la 3 unaungana bila tatizo. Mimi huongeza maneno hayo. Wapo ninaowaheshimu wasioyaongeza.

Utekelezaji wenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Pakua maandishi kamili ya leseni, yaweke kwenye folda kuu ya programu katika faili liitwalo LICENSE au COPYING, na usibadilishe hata nukta. Juu ya kila faili la msimbo andika mwaka, jina lako, na mstari huu unaosomwa na mashine: SPDX-License-Identifier: AGPL-3.0-or-later. Faili huhama, hunakiliwa peke yake, hutengana na folda. Lenye mstari wake halipotei ukoo. Matangazo ya waandishi wengine uliotumia kazi zao yaache mahali pake. Mwongozo wa matumizi na picha unaweza kuvipa leseni ya Creative Commons, ila msimbo usiupe. Creative Commons wenyewe wanashauri leseni zao zisitumike kwa programu.

Najua utataka kuitafsiri leseni kwa Kiswahili ili walimu waielewe. Itafsiri, na utakuwa umetenda jambo jema, lakini iite tafsiri isiyo rasmi, na sema kwamba maandishi ya Kiingereza ndiyo yanayofunga. Free Software Foundation hawaidhinishi tafsiri yoyote kuwa na nguvu ya kisheria, kwa kuogopa kosa moja la mtafsiri lisije likafungua mlango kwa dunia nzima. Maelezo yako ya aya mbili kwa Kiswahili chepesi kwenye faili la utangulizi yatasomwa na wengi kuliko tafsiri nzima.

Sehemu ya dhamana usiiguse. Leseni hizi zote husema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Bila maneno hayo, ratiba ikigonganisha vipindi vya mtihani, kuna atakayekuuliza nani alipe hasara.

Na kabla hujaichapisha, angalia yaliyomo katika historia ya mabadiliko inayotunzwa ndani ya ghala lako, si katika faili za leo tu. Nywila ya hifadhidata uliyoifuta miezi minane iliyopita bado imelala humo, pamoja na lile faili la majaribio lenye majina ya wanafunzi halisi. Ukishindwa kuisafisha historia, anza ghala jipya lenye toleo la leo pekee, kisha ubadilishe nywila zote.

Umeuliza kama unaweza kujirudi. Kwa yaliyokwisha kutoka, hapana. GPL toleo la 3 inasema yenyewe kwamba ruhusa zake hazibatilishwi ilimradi masharti yanafuatwa, na aliyeipata nakala jana ataendelea nayo. Kwa matoleo yajayo, ndiyo: mwenye hakimiliki yote anaweza kesho kutoa toleo jipya kwa leseni nyingine, au kuuza ruhusa maalumu kwa kampuni isiyotaka AGPL huku umma ukiendelea na AGPL. MySQL, programu ya hifadhidata, na Qt, maktaba ya kujengea programu, zimeishi kwa njia hiyo miaka mingi. Ila ujirudi kwa uangalifu. Machi 2024 watu wa Redis, programu nyingine ya hifadhidata, waliacha leseni ya BSD kwa leseni zenye vizuizi, na muda si mrefu waliokuwa wakiichangia wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huru wakaanzisha mradi wao, Valkey. Mwaka uliofuata Redis wakaongeza AGPL kwenye orodha yao, lakini Valkey haikurudi nyumbani.

Ukitaka kubaki na uwezo huo, amua mapema jinsi utakavyopokea michango. Njia moja ni mkataba wa mchangiaji, unaokupa haki ya kubadilisha leseni ya alichoandika. Wengine hukataa kuutia saini, na sababu zao nazielewa. Njia nyepesi ni ile waliyoianza watu wa Linux mwaka 2004: kila mchangiaji anaongeza mstari wa kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa alichokitoa. Hiyo haikupi uwezo wa kubadilisha leseni, inakukinga tu na msimbo wa wizi. Kwa mradi wa ukubwa wako inatosha.

Na mjanja akitokea kweli, akavunja masharti? Mwandikie kwanza, kwa adabu. Wengi huvunja kwa kutojua, na GPL toleo la 3 yenyewe inamrudishia haki mkosaji wa mara ya kwanza akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu apate taarifa yako. Asiposikia, mahakama zipo na zimeshasema. Mwaka 2004 mahakama ya Munich ilimpa ushindi Harald Welte, mmoja wa waandishi wa Linux, katika kesi ya GPL. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, iliamua kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kulindwa kwa sheria ya hakimiliki hata kama mwandishi hakuwa akitoza senti. Programu iliyogombaniwa ilikuwa ya kuendeshea treni za kuchezea. Kuhusu jina la programu yako, hilo ni jambo la alama ya biashara, halimo ndani ya hakimiliki. Ukiona linaanza kupata sifa, kalisajili.

Barua kwa mwajiri itachukua muda kujibiwa, kwa hiyo itume leo. Rafiki yako mwandikie hivi: "Ndugu yangu, ile sehemu ya ripoti uliyoiandika kwenye programu ya ratiba nataka kuitoa pamoja na programu nzima chini ya leseni ya AGPL, toleo la 3 au lolote litakalofuata. Jina lako litabaki kwenye faili zako. Naomba unijibu kwa maandishi kama umekubali, na kama msimbo ule uliuandika mwenyewe wote." Ile sentensi ya mwisho usiiruke. Akikubali, hifadhi jibu lake mahali usipopasahau. Akikataa, mtafute mtu mwingine ambaye hajaisoma kazi yake, aiandike upya sehemu ya ripoti kwa kuangalia tu ripoti zinavyotakiwa kuonekana.